Sindano ya Miezi Mitatu na Swali la Damu Isiyoonekana

Mwanamke wa Giteranyi aliyekwisha kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango mara mbili tatu, akiona kwamba mwezi umeandama na mwingine umeandama naye hajaziona siku zake, hujiuliza swali ambalo wanawake wa Ngara, wa Kigoma, wa Kisumu na wa Mombasa nao hujiuliza, na ambalo aghalabu hulinong'ona kwa shoga yake kabla ya kuthubutu kumwuliza muuguzi: damu yangu inakwenda wapi? Jirani humwambia kwamba imeganda tumboni. Mwingine humwambia kwamba imepanda kichwani, ndiyo sababu kichwa kinamwuma. Na mama mkwe, ambaye roho yake inataka mjukuu mwingine, humwonya kwamba damu iliyozuiliwa itauozesha mji wa mimba na kumwacha tasa. Swali hili ni la haki kabisa, nalo lina jibu lililo wazi, ambalo naamini mtu yeyote mwenye akili timamu aweza kulifahamu akielezwa kwa utaratibu, awe amesoma au hakusoma. Na kama halijafahamika, basi lawama haimpati mkulima wa kike asiyejua, inawapata wanaojua wakanyamaza.

Giteranyi iko kaskazini mashariki mwa Burundi, upande wa mpaka wa Tanzania, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga kabla ya mgawanyo mpya wa mwaka 2025 kuutia Muyinga, pamoja na Cankuzo na Ruyigi, ndani ya mkoa mmoja mkubwa wa Buhumuza. Ni nchi ya maharage na migomba na mihogo, ambako Kirundi ndicho kisemwacho nyumbani, na Kiswahili husikika sokoni, kwenye magari ya mpakani, na miongoni mwa Waislamu, ambao Muyinga inao wengi kuliko sehemu nyingi za Burundi. Uchunguzi wa afya na uzazi uliofanywa nchini humo mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa mwanamke wa Burundi huzaa wastani wa watoto 5.5, na kwamba katika wanawake walioolewa ni asilimia 23 tu waliokuwa wakitumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango, sindano ikiwa mbele ya njia nyingine zote. Na kwa kuwa zahanati za Kanisa Katoliki, ambazo ni nyingi, hazitoi dawa hizi, serikali ilijenga vituo vidogo karibu nazo, hata mama akawa anatoka kumpima mtoto mlango huu na kuingia kuchomwa sindano mlango ule.

Sasa tuanze na dawa yenyewe. Aliyepata kumtazama muuguzi kwa makini atakuwa ameona kwamba kichupa cha dawa hii, chenye mililita moja tu ndani yake, hutikiswa kwa nguvu kabla ya kuvutwa kwenye bomba. Sababu yake ni kwamba dawa haikuyeyuka katika maji yale meupe, imeelea tu kwa chembechembe ndogo mno, na kichupa kikikaa rafuni chembe hizo hutua kitakoni. Asiyekitikisa atavuta maji na kuiacha dawa nyuma. Na akishachoma bega au kalio, mahali pale hapasuguliwi, kwa maana chembe zile zimekusudiwa kulala ndani ya msuli na kuyeyuka kidogo kidogo kwa muda wa miezi mitatu, na mwenye kusugua huziharakisha. Kilichomo ndani ni miligramu 150 za dawa iitwayo medroksiprojesteroni, ambayo ni steroidi iliyotengenezwa na wanakemia, wala haipatikani katika kiumbe chochote.

Steroidi ni ukoo mkubwa, na estrojeni, projesteroni na testosteroni, homoni zetu kuu za uzazi, ni za ukoo huo. Mwili huzitengeneza kutokana na kolestroli, yale mafuta tunayotishwa nayo na matabibu wa moyo, nazo zote zina mwili mmoja wa pete nne zilizoshikamana, tatu zenye pembe sita na ya nne yenye pembe tano. Tofauti baina ya testosteroni, inayomwotesha mwanamume ndevu, na projesteroni, inayoihifadhi mimba, ni atomi chache tu zilizoongezwa hapa na kupunguzwa pale. Hata estrojeni, ambayo watu huidhania kuwa ndiyo uke wenyewe, hutengenezwa ndani ya ovari ya mwanamke kutokana na testosteroni. Ukaribu huu wa maumbile ndio mlango walioingilia wanakemia: kwa kuwa mwili hupambanua homoni kwa atomi chache, mwenye kujua atomi za kubadilisha aweza kuunda kitu ambacho mwili utakipokea kama kwamba umekitengeneza wenyewe.

Na mwili hupokea kwa vipokezi. Zamani ilidhaniwa kwamba homoni huingia katika kila kiungo na kutumika humo mithili ya chakula, mpaka mwanachuoni wa Kimarekani Elwood Jensen, huko Chicago mwaka 1958, alipowadunga panya wa kike wachanga estrojeni iliyotiwa alama ya mnururisho, kisha akafuatilia imekwenda wapi. Akaona kwamba misuli iliipokea na kuiacha ipite, ila mji wa mimba uliikamata na kuishikilia kwa saa nyingi, wala haukuitafuna. Ilitoka kama ilivyoingia. Kumbe ndani ya seli za mji wa mimba mlikuwa na kitu ambacho kazi yake ni kuishika estrojeni, na kitu hicho, ambacho ni protini, ndicho kipokezi. Homoni ya steroidi, kwa kuwa ina asili ya mafuta, hupenya ukuta wa seli bila ya kubisha hodi, hukutana na kipokezi chake ndani, nacho kikishaishika hubadilika umbo, hujiunga wawili wawili, hukaa juu ya vinasaba katika kiini cha seli, na kuamuru baadhi ya jeni ziamke na nyingine zinyamaze. Kiungo kisicho na kipokezi hakisikii chochote, hata damu ikijaa homoni kiasi gani.

Kwa mwanamke asiyetumia dawa, amri huanzia ubongoni, katika sehemu ndogo ya gramu nne hivi iitwayo hipothalamasi, ambayo kila baada ya saa moja au saa moja na nusu hutoa chembe za homoni kwa mapigo, ikanyamaza, ikapiga tena. Mapigo hayo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo hutoa homoni mbili zinazoshuka kwa damu hadi kwenye ovari na kulikuza yai. Ganda linalolizunguka yai linapokua hutoa estrojeni, na estrojeni huufanya mji wa mimba ujitandikie tandiko nene lenye mishipa ya damu, tayari kumpokea mgeni. Estrojeni ikizidi kwa muda wa siku mbili hivi, pituitari humwaga homoni yake kwa wingi wa ghafla, na baada ya saa 36 hivi yai hutoka. Ganda lililoachwa na yai ndilo linalotengeneza projesteroni, na projesteroni kazi yake ni mbili: kulituliza tandiko la mji wa mimba, na kupeleka habari ubongoni kwamba yai limekwisha toka, punguzeni mapigo. Mimba isipoingia, ganda lile hufa baada ya wiki mbili, projesteroni hushuka, na tandiko lililokosa mlinzi wake hubomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Hedhi ni tandiko lililovunjwa, wala si uchafu wa mwili unaotafuta njia.

Aliyefahamu hayo amekwisha kulipata jibu. Dawa ya sindano hushika vipokezi vya projesteroni, na hukaa navyo miezi mitatu, ilhali projesteroni ya mwili hukaa wiki mbili tu. Ubongoni vipokezi hivyo havimo katika neva zenyewe zinazopiga mapigo, vimo katika neva jirani zinazoziongoza, na dawa ikishavikamata, mapigo hupungua, pituitari haimwagi homoni yake ya ghafla, na yai halitoki. Ute wa mlango wa mji wa mimba nao huwa mzito hata mbegu za mwanamume zisipenye. Na tandiko, kwa kuwa estrojeni imekuwa chache na amri ya projesteroni haikatiki, halijengwi. Hubaki jembamba mwezi hata mwezi. Damu, basi, haikwenda popote, haikuganda wala haikupanda, kwa sababu hakuna tandiko lililojengwa ambalo lingevunjwa. Yapata nusu ya wanawake wanaotumia sindano hii kwa mwaka mzima hufikia hali hiyo ya kutoona siku zao kabisa, na hali hiyo peke yake si ugonjwa.

Ila kabla ya kufika huko wengi hupita katika miezi ya dhiki, ambamo damu huja matone matone bila ya miadi, kwa kuwa tandiko jembamba lina mishipa dhaifu inayopasuka kwa sababu ndogo. Mwanamke Mwislamu wa Muyinga hapa huingia katika mtihani wa pili ambao muuguzi pengine haufikirii: je, damu hii ni hedhi, aache sala na saumu, au ni istihadha, damu isiyo ya hedhi, atawadhe na aendelee? Nimewasikia wanawake wakiiacha sindano kwa sababu hiyo tu, si kwa maumivu wala kwa hofu ya utasa, kwa kuwa walichoka kutojua wako katika hali gani mbele ya Mola wao. Hukumu ya sheria si kazi yangu kuitoa, na wapo wanaoijua. Lakini tabibu anayechoma sindano hii mahali penye Waislamu bila ya kumtahadharisha mwanamke kwamba jambo hili litamfika, amemnyima nusu ya elimu aliyoihitaji ili aamue kwa hiari yake.

Sasa nifike penye jambo lililo gumu zaidi, nalo ni kwamba dawa hizi haziingii katika mlango mmoja tu. Vipokezi vya projesteroni, vya testosteroni, vya kotisoli ambayo ni homoni ya kustahimili shida, na vya homoni inayohifadhi chumvi mwilini, ni kufuli nne zilizofuliwa na mhunzi mmoja, na ufunguo uliochongwa kwa ajili ya mojawapo huweza kuizungusha nyingine, ama kuifungua kabisa, ama kuingia nusu na kuuzuia ufunguo wa haki usiingie. Projesteroni ya kuzaliwa nayo hugusa kipokezi cha kotisoli kwa udhaifu. Medroksiprojesteroni hukishika kwa nguvu zaidi. Na kwa kuwa kotisoli huituliza kinga ya mwili, wanachuoni, miongoni mwao wale wa Cape Town, waliingiwa na shaka kubwa: yamkini sindano hii inailegeza kinga ya njia ya uzazi na kuwarahisishia virusi vya ukimwi mlango. Baadhi ya hesabu zilizokusanywa kwa miaka mingi Afrika zilionekana kuitia nguvu shaka hiyo, na nyingine zilionekana kuikanusha.

Jambo hilo lisingeweza kuachwa likining'inia, maana nchi ambazo wanawake wake hutumia sindano kwa wingi ndizo zilizopigwa na ukimwi kwa wingi. Kwa hiyo tangu Desemba 2015 wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Eswatini na Zambia, waliotaka uzazi wa mpango na wakaridhia kupangiwa njia kwa bahati nasibu, walipewa wengine sindano, wengine kitanzi cha shaba kisicho na homoni yoyote, na wengine vipandikizi vya mkononi. Upande wa Kenya kazi ilifanyika Kisumu. Matokeo yalitangazwa Durban Juni 2019: wanawake 397 walikuwa wameambukizwa, 143 katika kundi la sindano, 138 katika kundi la kitanzi, na 116 katika kundi la vipandikizi, tofauti ambayo haikutosha kuihukumu sindano. Miezi miwili baadaye Shirika la Afya Duniani liliondoa tahadhari iliyokuwa imewekewa wanawake walio katika hatari kubwa ya ukimwi. Mimi katika hesabu hiyo husimama mahali pengine pia: wanawake 397, wote wakiwa wamepewa nasaha na kondomu na kuangaliwa na matabibu, waliambukizwa katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu kwa kila mmoja, na maambukizo hayo hayakuchagua njia ya uzazi wa mpango. Hilo lilistahili kupigiwa kelele kuliko sindano.

Mlango mwingine umeonekana karibuni, katika utando unaoufunika ubongo, ambao nao una vipokezi vya projesteroni. Machi 2024 watafiti wa Ufaransa, waliopekua kumbukumbu za maelfu ya watu waliopasuliwa kwa uvimbe wa utando huo, walieleza kwamba wanawake waliotumia sindano hii kwa zaidi ya mwaka walikuwa katika hatari mara tano na zaidi ya wasioitumia. Uvimbe wenyewe aghalabu si saratani, nao ni nadra, hata ukizidi mara tano unabaki kuwa nadra. Lakini mwanamke mwenye maumivu ya kichwa yasiyomwachia, au macho yanayofifia, asiambiwe tu kwamba hiyo ni damu iliyopanda wala kwamba ni mawazo. Ama mifupa, hiyo hupungua uzito kwa kuwa estrojeni, ambayo huihifadhi, imepungua. Marekani iliamuru onyo juu ya hilo liandikwe kwenye dawa mwaka 2004. Sehemu kubwa ya upungufu huo hurudi sindano ikiachwa, na linalohitaji hadhari zaidi ni la wasichana ambao mifupa yao bado haijakomaa.

Baadhi ya dada za dawa hii hazikutokana na projesteroni kabisa. Katika miaka ya 1940 mwanakemia Russell Marker aligundua katika misitu ya Meksiko kiazi kikuu cha mwituni chenye kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa projesteroni, na watu wa kiwanda cha Syntex, kilichoanzishwa huko, walipokuwa wakichezea steroidi zilizotokana na mizizi hiyo walifika, tarehe 15 Oktoba 1951, kwa mkono wa kijana Luis Miramontes chini ya Carl Djerassi, kwenye norethisteroni. Umbo la norethisteroni ni la testosteroni iliyopunguzwa atomi na kuongezwa nyingine, lakini mwili huipokea kama projesteroni, na kwa kuwa haikuisahau asili yake hugusa kidogo kipokezi cha testosteroni pia. Ndiyo sababu baadhi ya wanawake wanaomeza vidonge vya ukoo huo huota chunusi. Levonojestreli, iliyomo katika baadhi ya vipandikizi na katika vidonge vya dharura ambavyo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi huviita P2, ni ya nasaba hiyo hiyo. Ya P2 nayo niitaje upesi: huchelewesha yai lisitoke, na kama yai limekwisha toka haina la kufanya, wala haitoi mimba iliyokwisha ingia.

Wanaume wasidhani habari hii si yao. Testosteroni ikiongezwa kwa sindano, ubongo huisikia, huona imejaa, na hupunguza mapigo yale yale. Korodani zikikosa amri hulala na kuacha kutengeneza mbegu. Shirika la Afya Duniani liliyachapisha mwaka 1990 matokeo ya wanaume 271 waliochomwa miligramu 200 kila wiki, na zaidi ya nusu yao hawakuonekana na mbegu hata moja. Kijana anayejidunga steroidi ili atunishe misuli anafanya jaribio hilo hilo juu ya nafsi yake, bila ya tabibu na bila ya kujua kipimo, na kila anavyozidi kuonekana dume la watu ndivyo kizazi chake kinavyonyauka.

Burundi inamjua vizuri binti mmoja ambaye vidonge vya uzazi wa mpango vilimfuata hadi kwenye uwanja wa riadha. Francine Niyonsaba, mzaliwa wa Ruyigi, alipata medali ya fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na mbele ya Margaret Wambui wa Kenya, nayo ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Burundi tangu dhahabu ya Vénuste Niyongabo mwaka 1996. Mwaka 2019 alieleza mwenyewe hadharani kwamba mwili wake hutengeneza testosteroni nyingi kuliko kawaida ya wanawake, tangu kuzaliwa, pasi na dawa yoyote. Mwaka huo ilianza kutumika amri ya shirikisho la riadha la dunia kwamba wanariadha wa hali hiyo, wakitaka kukimbia mbio za mita 400 hadi maili moja, washushe testosteroni hadi chini ya nanomoli 5 kwa lita na kukaa hivyo miezi sita, ama kwa kumeza kila siku vidonge vya uzazi wa mpango, ama kwa sindano ya kila mwezi ya kuinyamazisha pituitari, ama kwa kupasuliwa. Vidonge huweza kazi hiyo kwa njia tuliyokwisha iona, kwa kupunguza mapigo ya ubongo, na kwa njia ya pili vilevile, kwa kulifanya ini litoe kwa wingi protini inayoikamata testosteroni katika damu na kuizuia isifike kwenye kipokezi. Semenya, aliyevimeza kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, alieleza kwamba vilimtia homa na kichefuchefu na maumivu ya tumbo.

Niyonsaba hakuvimeza. Alihamia mbio ndefu ambazo amri ile haikuzigusa, na tarehe 14 Septemba 2021, mjini Zagreb, aliivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56, kisha Machi 2023 amri ikapanuliwa ikafunika mbio zote, na kiwango kikashushwa hadi 2.5 kwa muda wa miezi 24. Najua kwamba wapo walioitetea amri hiyo kwa ajili ya wakimbiaji wengine wa kike, na hoja yao si ya kudharauliwa. Lakini dawa inayomstahi mama wa Giteranyi anayetaka kupumzika, kwa kuwa ameiomba yeye, huwa kitu kingine kabisa inapowekwa kuwa sharti juu ya mtu mzima wa afya ambaye hakuiomba na ambaye haumwi chochote. Kipokezi ni kile kile na kidonge ni kile kile, lakini haki imekwisha geuka.

Lipo jambo ambalo katika nchi zetu hulisahau hata wenye ujuzi, nalo ni kwamba dawa isiyofika kwenye kipokezi kwa kiasi cha kutosha ni bure. Huko Kampala, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, wanawake 20 waliokuwa na vipandikizi vya levonojestreli huku wakimeza efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya ukimwi, walifuatiliwa kwa chini ya mwaka mmoja, na watatu kati yao wakashika mimba, ilhali kipandikizi hicho kwa kawaida huaminiwa kwa miaka mitano. Efavirenzi hulichochea ini kuivunjavunja levonojestreli kabla haijafanya kazi, hata kiwango chake katika damu kikashuka hadi karibu nusu ya kile cha wanawake wasiomeza efavirenzi. Dawa za kisasa zaidi za ukimwi hazina tabia hiyo, lakini rifampisini ya kifua kikuu inayo, na baadhi ya dawa za kifafa zinayo. Sindano ya miezi mitatu huihimili efavirenzi bila ya kutetereka. Mwanamke mwenye kipandikizi anapoanza dozi ya kifua kikuu, aliyempa dozi hiyo ana wajibu wa kumwuliza mkononi ana nini.

Na wale wanaojipaka krimu za kujichubua, au wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe, kama ifanyikavyo katika miji mingi kuanzia Kongo hadi pwani, nao wamo katika habari hii bila ya kujijua. Klobetasoli na betamethasoni, zinazotiwa katika krimu hizo, hupenya ngozi na kushika kipokezi cha kotisoli kwa nguvu nyingi kuliko kotisoli yenyewe. Ubongo hudhani mwili umejaa, tezi za juu ya figo huacha kazi, na mapigo ya uzazi nayo huweza kuvurugika pamoja nazo, siku za mwezi zikapotea. Msichana wa namna hiyo hupimwa mimba mara tatu, na hakuna anayemwuliza anajipaka nini.

Turudi kwa mama mkwe, ambaye hofu yake haikutoka hewani. Ameona kwa macho yake mke wa mwanawe ameacha sindano, na miezi sita imepita, na minane, na tumbo halikuonekana. Chembe zile zilizolala katika msuli hazina siku moja ya kumalizika. Kwa wengine huendelea kuyeyuka muda mrefu baada ya miezi mitatu kutimia, na mpaka ziishe kabisa vipokezi vya ubongoni haviachiwi. Kwa wastani mwanamke hushika mimba miezi tisa au kumi baada ya sindano ya mwisho, wengine miezi minne tu, wengine zaidi ya mwaka, na urefu wa muda alioitumia hauongezi kitu. Ilhali kipandikizi kikitolewa mkononi, yai huweza kutoka katika wiki chache. Kwa hiyo mama wa Giteranyi anayetaka kushika mimba baada ya mavuno ya maharage ya Januari, sindano yake ya mwisho ifaayo ni ya Machi ya mwaka uliotangulia, na kuanzia Juni, dawa inapokwisha muda wake, kama bado hajawa tayari, yeye na mumewe watumie kondomu au vidonge, maana yai laweza kutoka kabla hajaiona hedhi ya kwanza.